Uzi maalumu kwa wafumaji wenye bustani: kazi za majira ya mapukutiko, kuanzia jalidi ya kwanza hadi mtande kukaa kwenye kitanda cha mfumi

MtandeNaMshindio (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu wa mazungumzo ni wa wale wanaofuma kwa mapenzi tu, wana kipande cha bustani, na umri umeshasogea kiasi kwamba nguvu za kupoteza hawana. Majira ya mapukutiko ndiyo yanayobana kuliko yote. Bustani inadai mambo mengi ndani ya wiki chache, na wakati huohuo mimea ya rangi imeiva na jioni zimeanza kuwa ndefu. Wengi hupanga kazi kwa kalenda. Ushauri wangu ni kupanga kwa jalidi, yaani baridi ya usiku inayogandisha umande kwenye majani, maana ndiyo inayoamua kipi kitakufa usiku mmoja na kipi kinaweza kusubiri mwezi mzima.

Vinavyokufa kwanza ni majani ya nili ya bustanini (Persicaria tinctoria), maua ya tageti na maua ya dahlia. Majani ya nili yakishapigwa na jalidi yananyauka, yanakuwa meusi, na bluu yake inapotea moja kwa moja. Utabiri ukitaja usiku wa nyuzijoto 2 au 3, kata siku hiyohiyo mchana, kwa sababu hewa ikiwa na nyuzijoto 2 juu, chini kwenye majani inaweza kuwa imeshafika sifuri. Majani ya nili hayasubiri: yatumike yakiwa mabichi siku ileile. Tageti na dahlia ni rahisi zaidi. Kata vichwa vya maua, vitandaze kwenye wavu kivulini mpaka vivunjike ukivibana, halafu weka kwenye mfuko wa karatasi. Vikiwekwa kwenye plastiki kabla ya kukauka vizuri, vinaota ukungu ndani ya siku chache.

Jalidi ikishapiga na mashina ya dahlia yakawa meusi, usikimbilie kuchimba. Acha siku kadhaa mizizi ikomae ardhini, kisha kata mashina yabaki kama sentimita 10 hadi 15, chimba kwa uma ukianzia mbali na shina, geuza mizizi kichwa chini ili maji yatoke kwenye mashina yenye uwazi, ikauke ndani ya nyumba, halafu ihifadhi kwenye mchanga mkavu au randa za mbao mahali penye nyuzijoto 4 hadi 10. Ikague kila mwezi. Uliooza uutoe, uliosinyaa uunyunyizie maji kidogo.

Vinavyoweza kusubiri ni mizizi ya rubia (Rubia tinctorum, inayotoa rangi nyekundu), kitunguu saumu, na majani yaliyoanguka. Rubia inachimbwa wakati wowote mradi ardhi haijaganda. Kitunguu saumu kinapandwa wiki 4 hadi 6 kabla ya ardhi kuganda, punje moja moja, ncha juu, kina cha sentimita 5, nafasi ya sentimita 10 hadi 15, kisha matandazo ya majani makavu au nyasi kavu unene wa sentimita 10 hivi. Punje kubwa ndizo za kupanda. Ndogo zipelekwe jikoni.

Siku za mvua ni za kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia. Siku kavu ni za bustani na chungu cha rangi, kwa sababu chungu kinafaa kuwa nje au kwenye banda lenye hewa. Ukifuata utaratibu huo, mpaka ardhi inaganda tayari una sufu iliyotiwa rangi, imekauka, na mtande wake (nyuzi za urefu zinazokazwa kwenye kitanda cha mfumi) umeshahesabiwa.

Karibuni mchangie, hasa wataalamu wa rangi.

FundiRangi

Mkuu umeanza vizuri. Naongeza upande wa chungu, maana hapo ndipo watu wanapoharibu sufu nzuri.

Chukulia una gramu 250 za sufu kavu. Kwanza ioshe mafuta kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, uisuuze, na uiache ilowe saa kadhaa. Sufu isiyolowa vizuri inashika rangi kwa mabaka. Kisha shabu, chumvi ya madini inayoshikisha rangi kwenye sufu: asilimia 12 ya uzito wa sufu kavu, yaani gramu 30, pamoja na gramu 15 za krimu ya tatari. Yeyusha kila kimoja kwenye maji ya moto pembeni kabla ya kumimina chunguni. Maji yawe lita 8 hadi 10 ili sufu iogelee bila kubanwa. Pandisha moto taratibu, uchukue kama dakika 45 hadi saa nzima kufika nyuzijoto 80 au 85, shikilia hapo saa moja, zima, acha ipoe humohumo mpaka kesho.

Vitu viwili vinagandamanisha sufu: kubadilisha joto ghafla, na kuikoroga. Ukiitoa kwenye maji ya moto ukaitumbukiza kwenye maji baridi, au ukaikoroga kama unasonga ugali, kata ya uzi inageuka kipande cha nguo nzito na haitenganishiki tena. Geuza polepole kwa kijiti, mara chache tu.

Rangi zenyewe:

Maganda makavu ya vitunguu, nusu ya uzito wa sufu hadi uzito sawa, kwa hiyo gramu 125 hadi 250. Maganda ni mepesi mno, gramu 125 ni mfuko mkubwa uliojaa, anza kuyakusanya mapema mwaka mzima. Chemsha polepole saa moja, chuja, weka sufu iliyokwisha kupata shabu, nyuzijoto 80 kwa saa moja. Unapata dhahabu mpaka rangi ya chungwa. Ubaya wake ni kwamba jua linaipausha. Inafaa skafu ya kuvaliwa, haifai pazia.

Rubia ni habari nyingine. Hiyo inastahimili mwanga na kufuliwa, lakini haitaki moto mkali. Mizizi mikavu iliyokatwakatwa au kusagwa, gramu 125 hadi 250 kwa sufu hiyohiyo, iloweke usiku kucha. Weka sufu, pandisha joto mpaka nyuzijoto 60 au 65, na usivuke 70. Ukivuka, rangi za kahawia zilizomo kwenye mzizi zinatoka na kuzima wekundu. Shikilia saa moja au mbili, acha ipoe ndani. Kama maji yako ni laini, yaani hayana chokaa, kijiko kimoja cha chai cha unga wa chaki kinaleta tofauti inayoonekana. Kipimajoto ni lazima. Mkono hauwezi kutofautisha 65 na 75.

Maganda mabichi ya jozi hayahitaji shabu. Yaloweke siku 3 hadi wiki, chemsha polepole saa moja, chuja, weka sufu. Kahawia nzito, na haichuji. Vaa glavu, kwa sababu ngozi ikishika rangi hiyo inabaki mpaka ngozi yenyewe ijibadilishe.

Vyungu vya rangi visirudi jikoni kabisa, hata kama umetumia maganda ya vitunguu tu. Shabu si kitu cha kula, na enameli iliyochubuka inaficha mabaki.

Mgeni_wa_Mfumi

Shikamooni wakubwa. Swali la anayeanza: gramu 250 zinatosha nini? Nitajuaje nyuzi ngapi za mtande na urefu gani kabla sijatia rangi?

MtandeNaMshindio

Marahaba. Swali zuri, na lije kabla ya chungu, kwa sababu chungu cha pili hakifanani kamwe na cha kwanza. Nyuzi zote za kitambaa kimoja zitiwe rangi pamoja.

Chukua rula, zungushia uzi wako bila kuubana na bila kuacha mapengo mpaka ujaze sentimita 2.5. Hesabu mizunguko. Kwa ufumaji wa kawaida, moja juu moja chini, gawanya kwa 2. Mizunguko 16 inakupa nyuzi 8 kwa sentimita 2.5, takriban 3 kwa kila sentimita. Kwa ufumaji wa mshazari chukua theluthi 2 ya mizunguko badala ya nusu, kwa sababu nyuzi zinapishana mara chache na zinahitaji kukaa karibu zaidi.

Sasa skafu ya sentimita 25 kwa 180 baada ya kufuliwa. Sufu ikifuliwa inapungua kama asilimia 10, na kitambaa kinajivuta ndani kidogo wakati wa kufuma, kwa hiyo upana kwenye chanuo (kitana kinachotenga nyuzi za mtande na kugonga mshindio) uwe sentimita 30. Mara 3 ni nyuzi 90.

Urefu: ili upate 180 baada ya kufua, unatakiwa kufuma 200. Mtande haukai umenyooka, unapanda na kushuka juu ya mshindio (uzi unaopitishwa kukata mtande), hivyo ongeza asilimia 10, unapata 220. Matamvua sentimita 15 kila upande, 250. Sehemu isiyofumika ya kufungia mbele na nyuma, 50. Jumla mita 3. Nyuzi 90 mara mita 3 ni mita 270 za mtande.

Mshindio: sentimita 200 mara mistari 3 kwa sentimita ni mistari 600, kila mmoja sentimita 30, mita 180. Ongeza sehemu ya kumi, karibu mita 200. Jumla ya uzi wote ni mita 470. Kama uzi wako una mita 250 kwa gramu 100, hiyo ni gramu 188. Zinazobaki katika zile 250 si hasara. Ni za kipande cha majaribio na za kuunga nyuzi zitakazokatika.

Kipande cha majaribio usikiruke. Fuma sentimita 15 kwa 15, kifue jinsi utakavyofua skafu, kipime tena. Hizo asilimia 10 nilizotaja ni za kuanzia. Sufu nyingine inapungua zaidi.

Koleo

Nyongeza kuhusu majani yaliyoanguka, mwanzisha uzi ameyapita haraka. Mboji ya majani ni kazi nyepesi kuliko zote za bustani, inafaa sana kwa mtu mzima: nguzo nne, wavu wa waya, mraba wa mita 1 kwa mita 1, jaza majani, lowesha, ondoka. Mwaka mmoja hadi miwili unapata udongo mweusi mwepesi wa kuoteshea mbegu au wa kutandaza. Ukiyapitishia mashine ya kukatia nyasi kwanza yanaoza haraka zaidi, kwa sababu vipande vidogo havilaliani kama kurasa. Majani makavu yakijazwa bila maji yanakaa vilevile mwaka mzima, na hilo ndilo kosa linalofanya watu waseme hayaozi.

Ila majani na maganda ya jozi yawekwe lundo lake peke yake. Mjozi una kemikali ya jugloni inayodumaza mimea mingine, na nyanya ni miongoni mwa zinazoathirika vibaya zaidi. Mabaki ya chungu cha jozi nayo hukohuko. Yakioza mwaka mzima kemikali hiyo inakuwa imevunjika.

Na majani yaliyolowa ni mazito kuliko yanavyoonekana. Jaza nusu ya toroli. Safari mbili za nusu zinaumiza kidogo kuliko moja ya kujaa.

Kitani_Safi

Naona mmezungumzia sufu tu. Kwa wenye nafasi ya kupanda kitani, majira haya ndiyo ya kutenganisha nyuzi zake na shina, na hapa umande unafanya kazi bure.

Kitani kinapandwa majira ya kuchipua, kama gramu 10 hadi 15 za mbegu kwa kila mita mraba, kikae karibu karibu ili mashina yarefuke bila kutoa matawi. Baada ya siku 100 hivi kinang'olewa na mizizi yake, hakikatwi, kisha kinakaushwa na kuondolewa mbegu. Mapukutiko yakifika, mashina yanatandazwa kwenye nyasi fupi kwa safu nyembamba, vichwa vyote upande mmoja. Umande wa usiku unaleta ukungu unaokula gundi inayoshikilia nyuzi kwenye mti wa ndani. Geuza baada ya siku kadhaa ili upande wa chini upate umande na mwanga sawa na wa juu.

Inachukua wiki 3 hadi 6 kutegemea unyevu, lakini usifuate wiki. Fuata shina. Kila baada ya siku mbili tatu chukua mashina machache, yakaushe ndani, vunja moja katikati. Kama nyuzi zinajitenga na mti wa ndani kwa urefu wote zikiwa ndefu na nzima, kiinue siku hiyohiyo. Kama zinang'ang'ania mti, bado. Kama zinakatika vipande vifupi ukizivuta, kimepitiliza, ukungu umeshaanza kula nyuzi zenyewe. Kilichopungua kinaweza kurudishwa kwenye nyasi. Kilichopitiliza ni matandazo.

Kikauke kabisa kabla ya kufungwa mafungu. Kitani kilichofungwa na unyevu kinaendelea kuoza ndani ya banda bila kuonekana. Kuvunja, kukwangua na kuchana ni kazi ya siku kavu yenye baridi, nje, na barakoa usoni, kwa sababu vumbi lake ni baya kwa mapafu.

Mgeni_wa_Mfumi

Asanteni. Swali jingine: mtande wa kitani unakatika katika nyumba iliyowashwa kipasha joto, ilhali kabla haukukatika. Uzi uleule, chanuo lilelile.

Kitani_Safi

Hewa imekauka. Kitani kina nguvu zaidi kikiwa na unyevu kuliko kikiwa kikavu, na kipasha joto kinaifanya hewa ya chumba iwe kavu. Vinyweleo vya uzi vinasimama, vinasuguana kwenye vitanzi (vinavyoinua na kushusha nyuzi za mtande) na chanuo, uzi unanyofoka taratibu mpaka unakatika. Utaona vumbi jeupe chini ya chanuo kabla ya uzi wa kwanza kukatika. Hiyo ndiyo dalili.

Suluhisho la kwanza ni unyevu wa chumba uwe asilimia 50 hadi 60, kitanda cha mfumi kiwe mbali na kipasha joto, na kitambaa kilicholoweshwa kikakamuliwa kilazwe juu ya mtande mgongoni mwa vitanzi wakati hufumi. La pili ni uji wa mbegu za kitani: kijiko kimoja cha chakula cha mbegu kwa nusu lita ya maji, chemsha polepole dakika 10 hadi 15 mpaka maji yawe na utelezi, chuja kikiwa bado cha moto maana kikipoa hakichujiki. Paka kwa brashi kwenye sehemu ya mtande iliyo nyuma ya vitanzi, fungua mwanya ili nyuzi za juu na za chini zisigandane, acha ikauke ndipo ufume. Ukifika mwisho wa sehemu iliyopakwa, vuta mtande mbele na kurudia. Inatoka yote ukifua.

Kaptura_ya_Sufu

Uzi ukishakatika, usifunge fundo katikati ya mtande. Fundo litakwama kwenye chanuo na kukata jirani zake. Chukua uzi mpya mrefu kuliko mtande uliobaki, upitishe kwenye kitanzi kilekile na tundu lilelile la chanuo. Mbele, choma pini kwenye kitambaa sentimita 3 chini ya mstari wa mwisho, zungushia uzi mpya kwenye pini kwa umbo la nane. Nyuma, ning'iniza ncha yake na kizito cha gramu 30 hadi 50, kopo dogo lenye sarafu linatosha, mpaka mkazo wake ulingane na jirani zake. Endelea kufuma. Mwishoni ncha zinaingizwa kwa sindano sentimita 2 hadi 3 zikifuata uzi wa zamani, na hazikatwi mpaka kitambaa kifuliwe, kwa sababu zikikatwa mapema zinachomoka wakati wa kusinyaa.

Mkazo usiolingana ndio chanzo cha matatizo mengi zaidi kuliko uzi mbovu. Wakati wa kuuviringisha mtande kwenye gogo la nyuma, weka karatasi nene iliyo pana kuliko mtande kati ya mzunguko na mzunguko. Bila karatasi, nyuzi za juu zinazama kati ya za chini, na kila uzi unakuwa na urefu wake. Kila baada ya mzunguko mmoja, simama mbele, shika mtande kwa mafungu, vuta kila fungu kwa nguvu ileile. Usichane mtande kwa vidole. Kuchana kunasukuma ulegevu wote mwishoni, ukiacha mafundo yasiyofunguka.

Kufunga mbele: mafungu ya sentimita 2 hivi, anza katikati, kisha kulia, kisha kushoto, hadi pembeni. Halafu fumba macho na pitisha kiganja juu ya mtande wote. Kiganja kinaona fungu legevu ambalo jicho halioni.

Bustani_Nyuma_ya_Nyumba

Sijaona mtu akizungumzia mwili, na mwanzisha uzi amesema huu ni wa watu wazima. Naomba nitie hapa.

Kuchimba na kutanda mtande visifanywe siku moja. Vyote viwili vinakukunja mgongo sehemu ileile ya chini, na vyote vinafanywa bila kujihisi umechoka mpaka umesimama. Siku ya uma wa bustani, jioni iwe ya kuviringisha uzi wa mshindio au kuunga ncha, kazi za kukaa wima.

Kiti cha kufumia kiwe na kimo ambacho viwiko, mikono ikiwa imelegea, vinakaa juu kidogo ya gogo la mbele. Kikiwa chini, mabega yanapanda kila unapogonga, na maumivu ya shingo yanaanza. Ukikosa kiti cha kimo hicho, ongeza ubao imara, si mto laini unaozama. Kila dakika 25 inuka, hata kama umebakiza mistari michache.

Macho: taa iwe upande, si nyuma ya kichwa, ili kivuli chako kisianguke kwenye chanuo. Mtande mweusi ukipitishwa kwenye vitanzi jioni unachosha macho kuliko kitu chochote. Tundika kitambaa cheupe nyuma ya vitanzi, kaa chini kiasi kwamba vitanzi viko usawa wa macho, na funga uzi wa rangi ya kung'aa kila baada ya vitanzi 10. Kosa la kupitisha likionekana, liko ndani ya 10 hizo na huhitaji kurudi mwanzo.

Wenye vidole vinavyouma: nenepesha mipini. Sponji la bomba lililofungwa kwenye mpini wa mkasi wa kupogolea, wa uma mdogo, hata wa ndoano ya kupitishia nyuzi, linapunguza nguvu ya kubana. Na mkasi uwe mkali. Mkasi butu unamaliza kiganja kuliko kazi yenyewe.

Kuhusu kupogoa, vichaka vinavyotoa maua mapema majira ya kuchipua visiguswe sasa. Vimeshabeba vichipukizi vya maua, na ukikata unakata maua ya mwaka ujao.

Koleo

Naunga mkono, hasa la mkasi. Na kwa kuwa ni majira ya kusafisha zana: kwangua udongo, kausha, paka mafuta chuma, piga msasa mpini na upake mafuta ya kitani. Mbao za kitanda cha mfumi zinakubali mafuta hayohayo, tabaka jembamba, kisha ufute mpaka pasishike mkononi, na uache pakauke siku kadhaa kabla ya uzi kugusa.

ONYO: vitambaa ulivyofutia mafuta ya kitani visirundikwe. Mafuta hayo yanapokauka yanatoa joto, na kitambaa kilichokunjamana kinalihifadhi mpaka kinawaka chenyewe, bila kiberiti wala cheche. Vitandaze nje, kimoja kimoja, mpaka vikauke na kuwa vigumu, au vitumbukize kwenye maji ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko. Banda lenye majani makavu, randa za dahlia na sufu si mahali pa kubahatisha.

Kaptura_ya_Sufu

Na chanuo la chuma lisihifadhiwe bandani. Unyevu wa majira haya unalitia kutu kwa wiki chache, na kutu inachora mistari ya kahawia kwenye mtande mweupe. Kama imeshaanza, sugua kwa pamba ya chuma laini kabisa, futa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, futa tena kwa kikavu, halafu fuma sentimita kadhaa za pamba mbovu kabla ya kuweka kazi yenyewe.

Mgeni_wa_Mfumi

Naomba kuuliza kuhusu nondo. Sufu iliyokaa bandani tangu kiangazi ikiingia ndani sasa, kuna hatari?

FundiRangi

Ipo kubwa. Nondo anayeruka hali chochote. Anayekula ni funza wake, na anapenda giza na sufu isiyoguswa. Tafuta utando mwembamba, vipunje kama mchanga vyenye rangi ya sufu yenyewe, na sehemu zilizonyofolewa. Hata usipoona kitu, sufu ya bandani iingie ndani kupitia friza: ifunge kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, weka kwenye nyuzijoto 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiitoa, usifungue mfuko mpaka upate joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa utageuka maji juu ya sufu.

Lavenda na mbao zenye harufu si za kutegemea kuua funza. Kinacholinda ni sufu safi, mfuko uliofungwa kabisa, na kukagua. Pitisha mashine ya kufyonza vumbi kwenye nyufa za kitanda cha mfumi na chini yake. Manyoya yanayodondoka wakati wa kufuma ndiyo chakula chao.

Mgeni_wa_Mfumi

Nimeelewa. La mwisho kwa leo: kingo za skafu zikiingia ndani kadiri unavyofuma, ni mkazo au ni mkono?

MtandeNaMshindio

Karibu mara zote ni mkono. Mshindio ukilazwa umenyooka kutoka ukingo hadi ukingo, hauna urefu wa kupanda na kushuka juu ya nyuzi za mtande. Ukigonga, unautafuta urefu huo kwa kuvuta kingo ndani. Ulaze kwa mshazari au kwa upinde, ukianzia ukingoni kwenye mstari wa mwisho na kupanda kama sentimita 5 hadi 7 upande wa pili, ndipo ugonge. Kwenye kona, vuta mpaka mshindio uguse uzi wa pembeni, usiuvute zaidi ya hapo.

Pima kwa rula kila sentimita 10. Kutoka 30 ya kwenye chanuo, kitambaa kikiwa 28 au 29 ni kawaida. Kikifika 26, nyuzi za pembeni zinasagwa na chanuo na zitakatika. Usijaribu kupanuka ghafla. Rudi taratibu ndani ya sentimita 5 zinazofuata, au fumua. Kama ni nyuzi mbili za pembeni tu zinazolegea ilhali upana uko sawa, hapo ndipo ni mkazo. Ning'iniza kizito kidogo kwenye hizo mbili nyuma ya gogo.

Ukimaliza, kufua: maji ya nyuzijoto 40, sabuni laini, bonyeza kwa viganja dakika 10 hadi 15 ukitazama nyuzi zikijaa na mapengo kuziba, suuza kwa maji ya joto lilelile, zungushia kwenye taulo, kandamiza, laza bapa.

Bustani_Nyuma_ya_Nyumba

FundiRangi, kabla hatujaachana: rubia ya miaka mitatu, inachimbwa yote au inaachwa sehemu? Na mizizi ipi ina rangi?

FundiRangi

Miaka mitatu ndiyo umri wake wa kuchimbwa, umeiwahi vizuri. Kata majani yaliyokauka, ingiza uma mbali na shina kama sentimita 30, inua taratibu kwa sababu mizizi inakatika na kila kipande kinachobaki kitachipua. Mizizi yenye unene wa penseli, ambayo ukiivunja ndani ni ya chungwa iliyokolea, ndiyo ya chungu. Ile myembamba kama uzi ina rangi kidogo, haistahili kazi ya kuiosha.

Ioshe haraka bila kuiloweka, maana maji yanaondoka na rangi, ikatekate vipande vya sentimita 1 ikiwa bado mbichi kwa sababu ikikauka inakuwa ngumu mno kwa vidole vya mtu mzima, kisha ikaushe kivulini. Vichwa vyenye vichipukizi vyekundu rudisha ardhini siku hiyohiyo, kina cha sentimita 5, nafasi ya sentimita 30, na matandazo juu. Weka bati au mbao kuzunguka tuta, kina cha sentimita 30 hivi, vinginevyo itahamia kwenye kitunguu saumu chako.